Fomu Iliyobaki Kwenye Droo

Adela Kucera alikaa ndani ya pikapu yake kwa dakika ishirini nzima, injini imezimwa, akiwatazama watu wakiingia chuoni. Walikuwa watoto tu. Vijana wa miaka kumi na saba, kumi na nane, wameongozana na mama zao, wengine wamevaa makoti ya timu za shule zao ingawa Aprili ilikuwa imeshaanza na theluji ilibaki pembezoni mwa barabara tu. Alitafuta mtu mzima aliyekuja peke yake akamwona mmoja, na huyo alikuwa fundi wa taa.

Alijinusa vidole. Harufu ya vitunguu haikutoka, hata kwa limau. Miaka kumi na miwili ya kupika katika kantini ya shule ya msingi ilikuwa imeingia mpaka kwenye kucha.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na karatasi yenye maswali saba. Aliyaandika kwa wiki mbili, moja moja, kama mtu anayeiba. Baba yake alipougua moyo Januari, Adela alikaa hospitalini siku kumi na tisa akimtazama muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti nzito, aliyejua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Siku ya kumi na tisa Adela alijua anachotaka. Alikuwa na miaka thelathini na tatu na hakumwambia mtu.

Alishuka.

Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, kifuani amebandika kadi iliyoandikwa Bi. Pruitt. "Karibu, karibu. Umemleta mwanao?"

Adela alihisi shingo ikipata moto. Hakujua kama ampe jibu au ageuze njia. "Nimekuja kumuulizia mpwa wangu," alisema.

Hakuwa na mpwa. Hakuwa hata na ndugu. Lakini neno lilishatoka, na Bi. Pruitt alishamshika mkono.

"Shangazi wa aina yako ni wachache," Bi. Pruitt alisema, akimpitisha katikati ya vijana. "Njoo kwa mshauri wetu mpya. Ametoka Lincoln, ana mwezi mmoja tu hapa, lakini anaeleza vizuri sana. Hruska, huyu dada ana maswali ya mpwa wake. Mhudumie."

Mwanamume aliyekuwa ameinama juu ya makaratasi akainua uso.

Adela aliwahi kuiwaza siku hii kwa namna nyingi. Aliiwaza kanisani, sokoni, kwenye mazishi. Katika mawazo hayo yote alikuwa amesimama wima, nywele zimechanwa, na ana jambo la maana la kusema. Hakuna hata mara moja alipowaza kwamba Wendell Hruska atamkuta anamuulizia mpwa ambaye hayupo, naye ndiye mtu pekee pale aliyejua fika kwamba baba yake Adela, Anton Kucera, alizaa mtoto mmoja tu.

Nywele za Wendell zilikuwa zimerudi nyuma kidogo na alikuwa amevaa miwani. Macho yalikuwa yale yale ya kijivu, yanayokaa juu ya mtu bila haraka. Yalikaa juu yake sasa. Kalamu aliyokuwa ameishika iliteleza ikaanguka kwenye makaratasi, naye hakuiokota.

"Mpwa," alisema polepole.

Bi. Pruitt alikuwa bado amesimama pale, anatabasamu.

"Ndiyo," Adela alisema.

Wendell alivuta kiti kwa mguu. "Kaa basi. Tumsaidie huyo mpwa."

Bi. Pruitt akaondoka. Adela akakaa. Akatoa ile karatasi akaikunja nusu ili asome swali moja moja.

"Anataka kujua," alisema, akiitazama karatasi, "kama mtu alimaliza sekondari zamani, cheti chake bado kinafaa."

"Cheti hakichachi. Kinafaa."

"Alama zake za hesabu hazikuwa nzuri."

"Hazikuwa mbaya pia," Wendell alisema, kisha akakohoa. "Nakisia tu. Kuna mtihani mdogo wa kumpima. Si wa kumfukuza, ni wa kujua aanzie darasa gani."

"Na akifeli huo?"

"Hafeli mtu. Anaanzia chini kidogo. Nusu ya watu hapa walianzia chini, na wengine sasa wanafundisha."

"Lazima ajue anataka kusomea nini kabla hajajiandikisha?"

"Si lazima. Yeye anajua?"

"Uuguzi."

Wendell aliokota kalamu akaliandika neno hilo. Adela aliona mkono wake mezani, ile alama nyeupe juu ya kidole gumba aliyoipata kwa waya wa uzio kwao, kiangazi kile walipokuwa na miaka kumi na sita. Yeye ndiye aliyemfunga kitambaa siku hiyo. Aliondoa macho.

"Anafanya kazi asubuhi mpaka saa nane mchana," alisema. "Kuna vipindi vya jioni?"

"Jumanne na Alhamisi. Atachelewa kumaliza mwaka mmoja zaidi ya wengine. Asiogope hilo."

"Wenzake darasani hawatamcheka?"

"Wamcheke kwa nini?"

"Kwa sababu ni mkubwa."

Wendell alivua miwani akaiweka mezani. Sauti yake ilishuka mpaka ikawafaa wao wawili tu. "Mpwa wako ana umri gani, Dela?"

Hakuna aliyemwita Dela tangu walipoachana miaka kumi na mitano iliyopita. Baba yake alimwita mwanangu na watoto wa shule walimwita Bi. Kucera. Jina lilimwingia kifuani likakaa, naye akahisi machozi yamefika kwenye kope, jambo ambalo lingekuwa aibu ya pili kabla hata ya ile ya kwanza kupoa.

"Thelathini na tatu," alisema.

"Ni umri mzuri. Mwaka jana alihitimu mama wa miaka sitini na mmoja." Akainyoosha ile karatasi kwa kidole. "Limebaki moja."

Alitaka kuikunja. Aliwahiwa. Wendell aliigeuza akasoma swali la saba, lile lililopigiwa mstari mara mbili: *Je, ni lazima kuandika insha?*

"Hapa hatuulizi insha," alisema. "Jina, anwani, cheti cha sekondari. Basi. Kwa nini umelipigia mstari?"

Adela alikuwa anatazama mlango wa kutokea.

Wendell alisimama, akamwambia kijana aliyefuata kwenye foleni aende meza ya Bi. Pruitt. "Nina nusu saa ya kula," alisema. "Njoo ule na mimi. Usikatae, tafadhali. Miaka kumi na mitano nimekuwa nikikutafutia maneno, na leo umejileta mwenyewe."

*

Kantini ya chuo ilikuwa inapakua kile kinachopakuliwa kila mahali Nebraska siku ya baridi, maharage ya nyama yenye pilipili pamoja na mkate wa mdalasini uliosokotwa. Adela alionja kijiko kimoja akajua mpishi amesahau chumvi. Hakuendelea.

"Mama amepooza upande wa kushoto tangu Novemba," Wendell alisema. "Ndiyo maana nimerudi."

"Nilisikia. Pole sana. Nilitaka kuja kumwona."

"Nashukuru hukuja. Hataki hata jina lako litajwe. Anasema ulituaibisha mbele ya ukoo." Aliyasema bila ukali, kama anayesoma hali ya hewa. "Mimi nimemwambia mara nyingi kwamba halikuwa kosa lako."

Adela aliweka kijiko chini.

"Sijawahi kukulaumu, Dela. Nataka ulijue hilo kwanza. Nilimlaumu mzee wako. Msichana wa miaka kumi na minane, mama amekufa, baba amemkalia kama kuku juu ya mayai. Ungefanya nini? Kila nilipokumbuka ile simu, kwamba alikataa hata kukupa simu uniage, nilimchukia upya. Lakini wewe, hapana. Wewe nilikuonea huruma." Akanyoosha mkono mezani, haukufika kwake, ukasimama karibu na kikombe chake. "Sijaoa. Nilikaribia mara moja. Yule dada aliniuliza kama kuna mtu mwingine nikasema hakuna, akaniambia nimechukua muda mrefu mno kujibu."

Mkono ulikuwa pale, kiganja juu. Adela aliutazama. Miaka kumi na mitano aliutaka mkono huo, na sasa umeletwa mpaka mezani, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kunyamaza tu, kuinamisha kichwa kidogo, kusema *baba yangu alikuwa mgumu*. Mji mzima ulishaamini hivyo. Baba mwenyewe hakuwahi kukanusha. Msamaha ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa, ila ulikuwa wa mtu mwingine.

Alivuta mikono yake akaiweka mapajani.

"Barua haikuja, Wendell."

"Barua gani?"

"Yangu. Ya kukubaliwa chuo kikuu, Lincoln. Haikuja kwa sababu sikutuma maombi."

Wendell alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Ulituma. Tulijaza pamoja. Mezani kwetu, Desemba."

"Tulijaza kurasa za mbele. Ilibaki insha. Tueleze wewe ni nani na unataka kuwa nani. Wewe uliandika kurasa tatu kwa jioni moja. Mimi niliandika jina langu nikakwama. Nilisema nitaimalizia nyumbani. Nyumbani nikaiweka kwenye droo ya soksi, kila siku nikisema kesho, mpaka siku ya mwisho ikapita."

"Lakini barua yangu ilipofika nilikuja mbio kwenu, nikakuuliza na wewe je."

"Nikasema nami nimepata."

"Ulirukaruka jikoni."

"Nilirukaruka." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ulikuwa na theluji kwenye nyusi na ulikuwa unacheka, na sikuweza kukuambia kwamba mimi ni mtu niliyeshindwa hata kuandika ukurasa mmoja unaonihusu. Nilisema ndiyo. Nilidhani nitakuambia wiki ile ile."

"Mama alioka keki," Wendell alisema.

"Najua."

"Aliandika majina yetu wawili. Shangazi zangu walitoka Omaha. Walikuletea mashuka."

"Nilikula vipande viwili, Wendell. Kila mtu alikuwa ananitazama nikila. Nilikuwa namwomba Mungu anichukue pale pale mezani."

Meza ya pembeni vijana walikuwa wanabishana kuhusu ukubwa wa vyumba vya bweni. Wendell aliwageukia kana kwamba wamemwita, kisha akarudi.

"Mimi nilitangulia siku moja kwa ajili ya mazoezi ya bendi ya chuo," alisema. "Siku uliyotakiwa kufika, nilikaa kwenye ngazi za bweni lenu tangu saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimekununulia feni, maana walisema vyumba vya juu vina joto. Kila gari lililosimama nilisimama nalo. Wasichana wa bweni wakaanza kunihurumia, mmoja akaniletea maji. Saa kumi na moja jioni nikapiga simu kwenu, mzee akasema, Adela haendi popote, usipige tena hapa."

"Nilikuwa nimesimama kando yake."

Wendell alisukuma bakuli pembeni.

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Alikataa mara mbili. Aliniambia, mwanangu, usinifanye niseme hilo, ongea naye mwenyewe. Nikapiga magoti sakafuni. Simu ilipolia, akaichukua." Alilazimisha macho yake yabaki kwenye uso wa Wendell, kwa kuwa aliona kuangalia pengine ni kuendelea kudanganya. "Baba hakunizuia. Hakuwahi kunizuia kitu chochote. Watu waliposema ni yeye, nikawaacha waseme. Miaka yote hii."

Rangi ilikuwa imemtoka Wendell mdomoni. Alipoongea, hakuongea kuhusu feni wala keki.

"Mwaka juzi nilikuja kwenye mazishi ya mzee Dvorak. Wewe hukuwepo."

"Nilikuwa kazini."

"Mzee wako alinifuata kwenye ngazi za kanisa. Akaninyooshea mkono. Mbele ya watu." Aliutazama mkono wake mwenyewe. "Nikaweka wangu mfukoni. Akabaki ameunyoosha. Halafu akaufuta kwenye suruali, hivi, kana kwamba ulikuwa mchafu, akaondoka."

Adela hakuwa amelisikia hilo. Baba yake alirudi siku ile, akavua kofia, akauliza kama kuna kahawa.

"Hakuniambia," alisema.

"Basi." Wendell alisimama. Bakuli lake lilikuwa limejaa. "Kuna watu wananisubiri mezani."

"Wendell."

"Sasa hivi siwezi, Dela. Sitaki kusema kitu nitakachojutia mbele ya watoto hawa."

Akaenda. Alitembea akiwa ameinamisha kichwa, bega moja limeshuka, kama zamani aliposhindwa mechi.

Adela alikaa pale mpaka maharage yakaganda mafuta juu. Alitarajia kulia, lakini kilichokuja kilikuwa kitu kikavu na kizito, aibu iliyovuliwa nguo zote. Hakukuwa tena na mtu wa kumsingizia. Aliirudisha trei, akamwambia mpishi kwa upole kwamba maharage hayana chumvi, akatoka.

Bi. Pruitt alikuwa bado mlangoni. "Umepata majibu yote? Mpwa wako atakuja lini kujiandikisha?"

"Sina mpwa," Adela alisema. "Ni mimi."

Bi. Pruitt alimtazama kidogo. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kalamu. "Fomu ni ile pale ya kijani," alisema. "Kaa kwenye kiti changu, hicho cha pale kinayumba."

Ilimchukua dakika sita. Jina, anwani, cheti. Alipofika mwisho aliigeuza nyuma kutafuta lile swali, akakuta pako wazi.

*

Jioni ile alimwambia baba yake. Mzee Anton alikuwa anamenya viazi, akiwa amekaa, kwa sababu daktari alimkataza kusimama sana. Adela alieleza kuhusu chuo, fomu ya kijani, Wendell. Alipofika kwenye mkono uliokataliwa pale kanisani, aliketi mkabala naye.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningekuambia ili iweje?" Mzee aliendelea kumenya. "Viazi hivi vibovu. Nani amevinunua?"

Mzee alikwenda kulala mapema, na asubuhi alikataa kwenda kanisani akisema mgongo unauma.

Jumapili saa saba mchana, kuku akiwa motoni na kabichi chachu ikichemka, gari liliingia uani. Adela alichungulia dirishani, akajifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena.

Wendell hakuja upande wa mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda, ambako mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama pampu aliyokatazwa kuitengeneza. Adela alitoka nyuma yake akasimama mbali kidogo, pale ambapo angeweza kusikia.

"Mzee Kucera," Wendell alisema. Alikuwa amevua kofia. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikunyima mkono mbele ya watu. Nilidhani nina haki. Sikuwa nayo."

Aliunyoosha.

Mzee Anton aliutazama mkono ule bila kuupokea. Alitazama nyuma ya Wendell, akamwona binti yake.

"Njoo karibu, mwanangu. Nisiseme mara mbili." Alisubiri mpaka Adela akafika. "Wakati ule nilikuwa nafua mwenyewe. Mama yako alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Nilikuwa narudisha soksi zako kwenye droo, nikaiona ile fomu. Ilikuwa Februari. Niliisoma tarehe. Zilibaki siku tisa."

Adela aliishika nguzo ya banda.

"Ningeweza kuiweka mezani," mzee alisema. "Ningeweza kusema, Adela, hiki kitu mbona hakijaenda. Siku tisa, kila siku nilikunywa kahawa na wewe. Nikaifunika na soksi kama nilivyoikuta. Nilijiambia, akienda, nyumba hii nitakaa na nani? Siku zilipokwisha nilifurahi. Nilikwenda kulisha ng'ombe nikiwa naimba, Mungu anisamehe." Mikono yake ilikuwa imelala juu ya magoti. "Kwa hiyo, kijana, uliponinyima mkono, sikuona umenionea. Nilisema, amejua."

Ndama alikuwa anajikuna kwenye ubao. Adela alipiga magoti kwenye majani makavu mbele ya baba yake, akaishika ile mikono yote miwili.

"Nisingeiandika, Baba. Hata ungeiweka mezani."

"Hilo hatutalijua," mzee alisema. "Usinipunguzie kosa langu."

Wendell alikuwa bado ameunyoosha mkono. Mzee aliugeukia sasa, akajiinua kutoka kwenye ndoo kwa shida, akaupokea kwa mikono yake miwili. Walisimama hivyo kwa muda mrefu, wote wakitazama pampu.

"Ngoja nikaangalie kuku," mzee alisema mwishowe, naye hakuwahi kuangalia kuku maishani mwake. Akaenda ndani akijikokota.

Wakabaki wawili. Upepo wa tambarare ulikuwa unavuta nywele za Adela usoni naye aliziacha.

"Nina hasira na wewe," Wendell alisema.

"Najua."

"Jana nilifika nyumbani nikamweleza Mama kila kitu. Mdomo wake siku hizi unaongea nusu, lakini neno moja alilisema vizuri kabisa, 'Nilikuambia.' Nikashindwa kumjibu." Alizungusha kofia mikononi. "Nilikaa nikawaza yule msichana niliyempenda. Sikujua hata alikuwa nani. Alikuwa anaogopa karibu yangu miezi minane na sikuona. Nilikuwa naandika kurasa tatu kuhusu mimi mwenyewe."

"Hukukosea kitu. Nilikuwa najificha vizuri."

"Ulinipenda?"

Alimuuliza akitazama kofia. Adela aliliona swali hilo lilivyokuwa dogo na lilivyomgharimu. Wakati wowote mwingine angelisindikiza jibu na maelezo.

"Ndiyo," alisema. "Siku ile, na siku zote baada yake. Hii ni kweli, ingawa najua neno langu halina bei nzuri kwako."

Wendell aliinua macho. Yalikuwa mekundu pembeni. Alimtazama kwenye uso, kwenye aproni yenye madoa, kwenye vidole vyenye harufu ya vitunguu, na Adela alihisi damu inapanda mpaka masikioni, lakini hakugeuka.

"Nimeiona fomu yako," alisema. "Nimemwomba Bi. Pruitt akuchukue kwenye orodha yake. Mimi siwezi kuwa mshauri wako."

Ilimwingia kama kisu chembamba. Aliitikia kwa kichwa. "Nimekuelewa. Ni haki yako."

"Hujaelewa." Aliondoa jani kavu lililokuwa limeng'ang'ania begani kwa Adela, na kidole kikabaki pale muda mrefu kidogo kuliko jani lilivyohitaji. "Mshauri haruhusiwi kula nyumbani kwa mwanafunzi wake. Ni sheria ya chuo."

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka sakafuni kwa kishindo, na mzee akasikika akiulaani kwa Kicheki, lugha ya wazee wake. Adela alitangulia kwenye njia ya nyumba. Nyuma yake alisikia viatu vya Wendell kwenye kokoto, akapunguza mwendo mpaka vikafika sambamba na vyake.